Maparachichi Juu ya Moto wa Mama

Nilirudi nyumbani na digrii ya botania katika miaka ile ya tisini ambapo serikali ilikuwa imeacha kuajiri, na kwa miaka miwili nikachuma chai. Kwetu ni juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Litein. Shamba linaanzia mlangoni. Ukifungua mlango wa kibanda changu cha udongo, mchai wa kwanza unakugusa gotini, na kutoka hapo ni chai tupu hadi bondeni, kisha chai tena ng'ambo. Nikiwa katikati ya mistari niliweza kusikia magari kwenye barabara ya kwenda Sotik. Sikuyaona. Nilikuwa nayahesabu tu, na nikigundua kwamba nayahesabu nilianza kujiuliza kama mtu mwenye akili timamu anahesabu magari asiyoyaona.

Katika kituo cha kununulia majani, karani alikuwa na mzaha mmoja ambao haukumchosha.

"Leteni kikapu cha digrii tuone," alisema kila nilipofika mbele ya mizani. Alitia mkono kikapuni, akapekua, akatoa jani moja na kuliinua juu. "Profesa, tunataka majani mawili na kichipukizi. Hili la tatu ulifundishwa wapi? Ulaya?"

Wanawake kwenye foleni walicheka. Mama, aliyekuwa nyuma yangu na kikapu chake, alicheka kidogo pia, halafu akaacha.

Basi siku moja ikaja barua. Ilitoka kwa mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Alikuwa na nafasi moja ya shahada ya pili, karo imelipwa, ya kuchunguza jinsi kuta za seli zinavyolegea tunda linapoiva. Alikuwa anafikiria watu wawili: mimi na mwenzangu wa darasa lile lile. Kila mmoja atayarishe matunda ya mti mmoja, yaliyochumwa siku moja, katika hatua nne kuanzia lililo gumu kabisa hadi lililoiva. Nyama ya matunda ichemshwe kwenye spiriti, ichujwe, ikaushwe na kusagwa, kisha unga umfikie kabla ya mwisho wa mwezi. "Mwenzako atatumia mapapai," aliandika. "Wewe tumia unachokipata." Niliisoma barua hiyo mara nyingi nikitafuta kama kwenye neno "unachokipata" kulikuwa na dharau.

Nieleze kidogo kuhusu kuta hizo, maana nafasi yangu yote ilikuwa ndani yake. Kila seli ya tunda imezungukwa na ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa minyororo mirefu ya sukari ya aina tatu. Kibanda changu kilijengwa vivyo hivyo. Kuna nguzo na fito, hizo ndizo selulosi. Kuna kamba za maganda ya miti zinazofunga fito kwenye nguzo, hizo ndizo hemiselulosi. Halafu kuna udongo uliojaza nafasi zote na kuushikanisha ukuta na ukuta wa jirani, huo ndio pektini. Tunda likiiva hakuna anayebomoa nyumba. Vimeng'enya vinaikata pektini vipande vifupi, udongo unalowa, kamba zinalegea, na nguzo zinabaki zimesimama. Ndiyo maana parachichi lililoiva bado lina umbo lake mpaka ulibonyeze.

Tofauti kati ya tunda gumu na laini inajulikana hata na mtoto. Lililotakiwa na mhadhiri ni katikati: siku zile ambapo tunda kwa nje ni lile lile, na ndani kazi imeanza. Nilipenda sana wazo hilo. Pia lilinitisha, kwa sababu jani la chai hufanya kinyume. Ukichelewa kulichuma, kuta zake hukaza, na karani hulitupa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nililala nikijipima kwa jani na kuamka nikijipima kwa tunda.

Tulikuwa na mparachichi mmoja nyuma ya zizi la ng'ombe. Mama alikuwa ameshaahidi mzigo wake wote kwa mama mmoja mchuuzi, mtu wa upande wa ziwa aliyekaa Litein miaka mingi. Nilimwomba mama anipe thelathini na mawili kwanza, manane kwa kila hatua. Alikubali kabla sijamaliza kueleza, jambo lililonifanya nieleze tena.

Siku ya kuchuma, mchuuzi alinikuta chini ya mti nikibonyeza tunda moja moja na kuandika daftarini.

"Wewe kijana, mbona unabonyeza matunda yangu?"

"Bado si yako, mama. Haya ni yangu."

Alichukua moja, akaliminya kwa kidole gumba bila kulitazama. "Hii ni mawe. Nikipeleka Ahero leo, wiki ijayo bado ni mawe."

"Hiyo ndiyo nataka."

"Unataka mawe?" Alimgeukia mama. "Mama, huyu mtoto wako alisomea nini?"

"Alisomea kuiva," mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, na alilitamka neno hilo kwa fahari iliyonifanya nitazame chini.

"Kuiva!" Mchuuzi alishika kiuno, akanigeukia kwa neno la kwao la kumwita ndugu. "Omera, kama kuiva ina digrii, mimi nina ngapi?"

Walicheka wote wawili mpaka mama akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kufikia saa nane mchana mti ulikuwa mtupu. Vijana wa mchuuzi hawakuacha hata tunda moja kwenye matawi ya juu. Niliyaangalia yangu thelathini na mawili kwenye kikapu cha chai na kuyahesabu tena.

Hatua ya kwanza niliifanya kesho yake, na ilikwenda vizuri kuliko jambo lolote nililofanya tangu nihitimu. Nilinunua spiriti kwenye duka la dawa Litein. Nilikatakata matunda manane yaliyokuwa magumu kama viazi, nikayapasha moto kwenye spiriti ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na moto wenyewe. Nilichuja kwa kitambaa na kurudia mara tano hadi mafuta yote yakaondoka. Nilikausha juani, nikasaga kwa chupa ya soda. Nikapata unga mweupe wenye rangi ya mbali ya kijani, mwingi kuliko nilivyohitaji. Hizo ndizo kuta. Nilizishika kiganjani.

Mama aliingia nikiwa hivyo. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Nipe mkono wako."

Nilimpa. Aliunusa, kiganja na nyuma ya kiganja.

"Umeanza," alisema.

"Nimeanza nini, mama?"

"Usiniulize nini. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, nimezika vijana walioanza hivi hivi. Wakiwa na vyeti vyao ukutani."

"Mama, hii ni ya kuoshea matunda."

"Matunda yanaoshwa na maji."

Nilimwonyesha chupa ya duka la dawa, unga, kitambaa, barua. Aliitazama barua kwa muda mrefu ingawa ilikuwa ya Kiingereza. Mwishowe aliketi kitandani. "Hii ndiyo itakutoa hapa?"

"Huenda."

"Basi osha," alisema. "Lakini nawa na sabuni kabla baba yako hajafika." Baba alifanya kazi Kipkelion na alirudi mwisho wa mwezi tu. Lakini nilinawa.

Yakabaki ishirini na manne ya kutunza. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Nilijua kwamba tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyaamsha mengine yaive. Niliwahi kuandika kurasa nane juu yake kwenye mtihani. Kwa hiyo niliondoa mkungu wa ndizi mbivu uliokuwa kibandani mwangu nikaupeleka kwa jirani. Nilimwambia mama asilete tunda lolote bivu karibu na matunda yangu, hata pera moja. Alikubali. Kisha usiku nikasikia panya darini. Asubuhi niliwaza: panya mmoja aking'ata matunda matatu, hesabu yangu imeharibika. Jeraha pia huliharakisha tunda. Niliwaza juu ya sanduku, lakini sanduku halipitishi hewa. Niliwaza juu ya kuyaning'iniza, lakini kamba ingeyachubua. Niliwaza juu ya chumba cha mama, lakini wageni wa kanisani huingia mle, na mama huwapa wageni chochote anachokiona.

Mahali pekee ambapo panya hawakufika ni tabut, dari ya fito iliyo juu ya moto katika jiko la mama. Hapo ndipo tunapoweka mahindi ya mbegu. Panya hawaendi huko, wala wadudu, kwa sababu ya moshi. Nilipanda ngazi, nikasogeza mahindi, nikatandika gunia, nikayapanga matunda yangu mistari mitatu, manane manane. Mama alikuwa chini akipuliza kuni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na kuni zilikuwa mbichi.

"Unaweka huko?" aliuliza.

"Naweka huku. Mtu asiyaguse."

"Hakuna atakayegusa."

Nilijikataza hata mimi kuyagusa, kwa kuwa kidole pia ni jeraha. Kwa siku tatu nilichuma chai nikiwa na raha ambayo sikuizoea. Karani aliponiuliza kuhusu Ulaya, nilimjibu kwamba nitamletea salamu.

Siku ya nne nilipanda ngazi na daftari, nikaweka kidole gumba juu ya tunda la kwanza. Kidole kiliingia.

Niligusa la pili. La pili pia. Nilipita mistari yote mitatu kwa mikono miwili kama kipofu, macho yakitoka machozi kwa moshi, na yote ishirini na manne yalikuwa laini, mengine yameanza kupasuka upande wa kikonyo. Yaliiva pamoja. Kutoka mawe hadi siagi, bila katikati.

Nilikaa kwenye ngazi. Moshi ulipanda ukipitia kati ya miguu yangu, ukapita matunda, ukatoka chini ya bati. Hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa pili wa zile kurasa nane. Ethilini haitoki kwenye tunda peke yake. Inatoka kwenye moshi wa kuni pia, na hasa kuni mbichi. Niliuandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikapewa alama.

"Yameiva?" mama aliuliza kutoka chini.

"Yameiva."

"Vizuri."

Nilishuka. "Mama, ulijua yataiva?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji yatalowa. "Mtu akipandisha avokado kwenye tabut anataka nini kingine? Ndizi za harusi ya dada yako niliivishia wapi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Aliweka mwiko chini. "Wewe ndiye uliyesomea kuiva."

Hakuwa na dhihaka hata kidogo. Ningependelea angekuwa nayo. Kwa miaka miwili mama alikuwa hanisahihishi jambo lolote, na mimi nilidhani ni kwa sababu sikosei.

Zilibaki siku tisa mwezi kwisha. Mti ulikuwa mtupu. Mchuuzi alikuwa ameshauza. Kuna miparachichi kwa majirani, hata kule Kimulot kwa shangazi kulikuwa na mitatu, lakini barua ilisema mti mmoja, siku moja, na mimi nilikuwa nimeshatengeneza hatua ya kwanza. Kuanza upya na mti mwingine kungehitaji siku kumi na mbili kwa baridi ya kwetu. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi kana kwamba siku zingeongezeka nikizihesabu kwa upole.

Nilitengeneza unga wa matunda yaliyoiva, maana huo angalau ulikuwa wa kweli. Sasa nilikuwa na chupa mbili zilizojaa na mbili tupu. Nilizitazama siku mbili. Siku ya tatu mchana, mvua ikipiga bati, nilichukua kijiko cha chai. Vijiko vitatu vya unga mgumu na kimoja cha laini, nikatikisa: hatua ya pili. Kimoja cha mgumu na vitatu vya laini: hatua ya tatu. Nikaandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri. Mhadhiri angepima kiasi cha pektini iliyolegea katika kila chupa, na hesabu ingepanda polepole kutoka ya kwanza hadi ya nne kama ngazi. Papai halingekuwa na ngazi nzuri kama ile.

Mama alijitolea kushona kifurushi. Alikata kitambaa cha mfuko wa unga, akaketi mlangoni penye mwanga, sindano mdomoni, na boksi lenye chupa nne mapajani mwake.

"Niambie ni nini hizi," alisema. "Nikiulizwa kanisani nijue cha kuombea."

Nikamweleza kwa kibanda changu. Nguzo, kamba, udongo. Alielewa upesi kuliko wanafunzi niliosoma nao. Alinyoosha mkono akagusa ukuta kando yake, mahali ambapo mvua ilikuwa imeula udongo hadi fito zikaonekana.

"Kwa hiyo hii ya kwanza ni nyumba mpya."

"Ndiyo."

"Na ya mwisho imenyeshewa, udongo umeisha."

"Ndiyo."

"Na hizi za katikati?" Aliinua chupa ya pili akaielekeza kwenye mwanga. "Zimeanza kuharibika wapi? Chini, kama ukuta huu, au pande zote kidogo kidogo?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe. Ndilo mhadhiri alilotaka kulijua, neno kwa neno: minyororo inakatwa mwanzoni wapi, inabaki na urefu gani. Ndani ya chupa ile hakukuwa na nyumba hata moja iliyoanza kuharibika. Kulikuwa na nyumba tatu mpya na moja iliyoanguka. Mtu akipima jumla tu angedanganyika. Akipima urefu wa minyororo, angeona makundi mawili, la mirefu na la mifupi, hakuna ya kati. Angejua katika alasiri moja tu.

Nataka kusema kwamba niliona haya kwanza na hofu baadaye. Nimejichunguza sana juu ya jambo hilo na sina hakika. Huenda ilikuwa hofu kwanza.

"Mama, ngoja. Usishone bado."

Nilizitoa zile mbili za katikati.

"Zimeharibika?"

"Hazikuwahi kuwa nzuri."

Alinitazama, akazitazama chupa mkononi mwangu, kisha akatikisa boksi. Mbili zilizobaki ziligongana. Aliinuka, akaleta maganda makavu ya mahindi kutoka jikoni, akaijaza ile nafasi tupu mpaka boksi likanyamaza. Halafu akashona.

Barua niliiandika usiku ule na kuirarua mara nne. Iliyopona ilikuwa fupi: nilitunza matunda juu ya moto wa kuni, yakaiva yote kwa siku nne, hatua za katikati sina. Nilikipeleka kifurushi posta Litein kwa miguu. Nikiwa narudi, ng'ambo ya barabara, mchuuzi aliniona.

"Daktari wa kuiva! Mawe yako yalifika wapi?"

"Yaliiva, mama."

"Yanaivaga tu," alisema, akaendelea kupanga nyanya.

Jibu lilikuja tukiwa tumelizunguka shamba lote la chai kwa kuchuma mara nne. Nafasi alipewa mwenzangu wa mapapai. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama katikati ya chai, kikapu mgongoni, na nikasikia lori likipanda kilima kuelekea Kericho, likibadilisha gia, likipotea. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi hiyo kwa wiki zote zile. Kujiandaa hakukusaidia.

Chini yake kulikuwa na mistari miwili kwa mkono, si kwa taipu. Mhadhiri aliuliza: ni kuni za mti gani, na moto ulikuwa unawaka saa ngapi kwa siku? Hakuahidi chochote. Aliuliza tu.

Sikujua. Nilikuwa nimekula chakula cha moto ule maisha yangu yote, na sikujua.

Niliuza majani, nikasikiliza mzaha wa karani mpaka mwisho, nikarudi. Mama alikuwa jikoni. Dari juu yake ilikuwa na mahindi tu. Nilisimama mlangoni na daftari, nikamwambia nafasi imekwenda kwa mwingine. Alisema "Haya" kwa sauti ya chini, akaendelea kusukuma kuni ndani. Baadaye kidogo nikamuuliza kuni zile zilikuwa za mti gani, na je, kila mti huivisha sawa?

Aligeuka. Alinitazama kuona kama ni swali la kweli.

"La, haziivishi sawa," alisema. Alisogeza kigoda kwa mguu kuelekea kwangu. "Lakini keti kwanza. Hiyo si ya kuuliza umesimama."